Siku Ambayo Mwanangu Hataikumbuka

Jumamosi iliyopita, kutoka lango la bustani hadi kwenye mti wa kwanza, tulitumia dakika 40. Jioni, tulipokuwa tukitoka, nilihesabu hatua zangu kwenye kipande kilekile. Zilikuwa 62.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi minane. Tulikuwa tumekubaliana, mimi, baba yake na mama yangu mzazi, kwamba siku hiyo mtoto ndiye atakayetangulia na sisi tutafuata nyuma, na kwamba hakuna atakayetamka neno "twende" isipokuwa kuna hatari au giza limeingia. Sebuleni ilikuwa rahisi kukubaliana. Pale langoni, mtoto alipochuchumaa juu ya kifuniko cha chuma cha mtaro, kile chenye matundu, na kuanza kuchungulia, mguu wangu ulikuwa umeshatoka mbele nusu hatua kabla sijaamua lolote.

Niliurudisha.

Chini ya kifuniko kulikuwa na maji. Mtoto akaokota kijiwe, akakipenyeza tunduni, akakiachia. Kimya kidogo. Kisha: chubwi! Akaniangalia, macho yamemtoka, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba aliyodhani ni tupu akasikia anaitikiwa. Akaokota kingine. Chubwi. Cha tatu kilikuwa kikubwa, kikagoma kupita. Akakisukuma kwa kidole, akakipiga kwa kiganja, akakiinua na kukitazama. Halafu akakigeuza kikasimama wima, na kikapita. Hakuna aliyemwonyesha. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa ameshajikalia chini palepale, miguu kainyoosha, anamkusanyia vijiwe kwenye upindo wa nguo na kumpa kimoja kimoja bila kusema kitu.

Ndivyo dakika 40 zilivyokwenda. Nikisema nilistarehe tangu dakika ya kwanza nitakuwa nadanganya. Kwa dakika kumi hivi za mwanzo kifua changu kilikuwa kimebana, kana kwamba kuna mahali tunachelewa. Nilijiuliza tunachelewa wapi. Hapakuwa na mahali.

Nina sababu ya kulihofia neno "twende". Miezi minane kabla ya hapo tulimtoa mtoto matembezi ya siku nzima, na siku hiyo ilikuwa na ratiba: kutazama wanyama asubuhi, kisha bembea, kisha chakula, kisha kupanda boti, na jioni kupitia kwa ndugu. Mambo matano. Tuliyapanga kwa upendo kabisa, kila jambo tulilichagua tukimfikiria yeye. Kufikia saa saba mchana alikuwa amejibwaga chini, analia kilio kile cha kuinua mgongo, na mimi nimemwinamia nikimwambia, "Angalia, boti! Boti ile pale!" Tuna picha ya siku hiyo. Sote watatu tunacheka ndani yake. Lakini kila ninapoitazama ninachokisikia ni sauti yangu mwenyewe: haya twende, twende basi, fanya haraka, twende. Nilimwambia mtoto wangu neno hilo siku nzima, siku ambayo tulisema ni yake.

Baadaye nilianza kusoma juu ya namna watoto wadogo wanavyotembea, na ndipo nikaona kosa lilikuwa wapi. Karen Adolph, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, ametumia miaka mingi akiwatazama watoto wanaojifunza kwenda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, yeye na wenzake waliwahesabia hatua watoto wa kati ya miezi 12 na 19 walipokuwa wakicheza wapendavyo. Wastani ulikuwa hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17 ndani ya saa hiyohiyo. Wahenga walituambia mwenda pole hajikwai. Mtoto anayejifunza kutembea anajikwaa na kuinuka na kuendelea, na hesabu yake yeye ni nyingine kabisa.

Lililonigusa zaidi ni jambo ambalo timu hiyohiyo ililiona katika kazi zake za baadaye: sehemu kubwa ya safari za watoto hao wadogo haziendi mahali popote. Mtoto anainuka, anapiga hatua kadhaa, anasimama katikati ya sakafu pasipo na kitu, anageuka, anaanza upya. Sisi watu wazima tunatembea ili tufike. Yeye anatembea kwa sababu miguu ipo na inafanya kazi, na hilo peke yake linatosha kumtoa kitandani. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliliona jambo hili mapema sana. Alisema mtoto mdogo anaweza kutembea mwendo mrefu kuliko tunavyodhani, ilimradi mtu mzima aliye naye akubali kuacha mwendo wake mwenyewe na kusimama kila mtoto anaposimama.

Kukubali. Hapo ndipo penye kazi. Kumngoja mtoto huku unatazama saa si kumngoja, ni kumharakisha kwa macho, na watoto wanayasoma macho vizuri kuliko maneno. Nilipokuwa pale langoni nilijaribu kitu kimoja kilichonisaidia: nilichuchumaa.

Unapochuchumaa bustani inabadilika. Kuna shirika la Uholanzi, Van Leer Foundation (zamani likiitwa Bernard van Leer Foundation), lenye mradi uitwao Urban95. Namba hiyo ni sentimita 95, takriban kimo cha mtoto mwenye afya wa miaka mitatu, na swali wanalowauliza viongozi wa miji ni hili: kama ungeuona mji wako kutoka kimo hicho, ungebadilisha nini? Nililisoma swali hilo nikalipenda, lakini sikulielewa mpaka nilipokuwa chini pale. Kutoka kimo changu bustani ni miti, kilima, njia na anga. Kutoka kimo cha mwanangu ni shina la mti lenye ufa ambao sisimizi wanapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Ni viuno na mikoba ya wapita njia. Ni mbwa ambaye uso wake uko sawa na uso wako. Ni ua moja lililosimama mbele ya pua. Kilima ambacho mimi nilikiona cha kupendeza kwa mbali, yeye hakukiona kabisa. Kilikuwa nyuma ya ukingo wa maua.

Basi kila tulipomnyooshea kidole kitu cha mbali, tulikuwa tukimwonyesha kitu ambacho kwake hakipo. Nadhani sehemu kubwa ya uchovu wa matembezi ya kifamilia inatokana na hapo: mtu mzima anaonyesha, mtoto haoni, mtu mzima anakata tamaa, mtoto anahisi amekosea bila kujua amekosea nini.

Tulipofika kwenye mti (hatimaye) tulitandika mkeka. Palikuwa na eneo la michezo umbali mfupi kutoka hapo, lenye bembea na mtelezo wa rangi kali. Mtoto alikwenda, akabembea kidogo, akateleza mara mbili, akarudi kwenye mti kwa sababu chini yake kulikuwa na vijiti. Saa nzima ilikwisha kwenye vijiti. Alivipanga, akavipangua, akavichomeka ardhini, akamletea baba yake kimoja akasema ni simu, akampokonya akasema ni samaki. Mwaka 1971 Mwingereza mmoja, Simon Nicholson, aliandika hoja iliyokuja kujulikana sana kwa wanaobuni viwanja vya watoto: kwamba kadiri mahali panavyokuwa na vitu vingi vinavyoweza kusogezwa, kubebwa na kuunganishwa, ndivyo uwezekano wa kubuni na kugundua unavyokuwa mkubwa. Bembea ni bembea tu, hata uifanyeje. Kijiti ni simu na ni samaki.

Kuna mtu mwingine ninayemkumbuka kila ninapoona uwanja wa watoto wenye mapambo mengi. Mbunifu majengo Aldo van Eyck alianza mwaka 1947 kubuni viwanja vya kuchezea mjini Amsterdam, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amebuni zaidi ya 700. Vingi viliwekwa kwenye viwanja vilivyobaki wazi kati ya nyumba, kwenye mji uliotoka vitani. Vilikuwa na nini? Shimo la mchanga, mawe ya kuruka ruka, vyuma vilivyopindwa vya kuning'inia. Hakuweka sanamu za tembo wala meli za bandia. Alikiacha kila kitu wazi ili mtoto mwenyewe aamue ni nini. Ninaamini alikuwa sahihi, na ninaamini pia kwamba wazazi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwenye begi letu.

Safari hii begi letu lilikuwa jepesi. Maji, chakula cha kutosha na kingine cha akiba, kofia, nepi, nguo za kubadilisha za mtoto na fulana moja ya kubadilisha ya mzazi (jambo ninalomwomba kila mzazi alizingatie), shuka jepesi, dawa ya vidonda na plasta. Hakuna toi hata moja. Kuhusu chakula nilikuwa na msimamo mmoja tu, kwamba njaa isitukute. Mtoto wa umri huu hawezi kukuambia "nimeanza kusikia njaa." Anakuambia kwamba kijiti hiki ni kibaya, kwamba baba amekaa vibaya, kwamba jua linamwangalia. Ukisikia malalamiko ya namna hiyo, toa chakula kwanza, kisha jibu hoja.

Usingizi nao tuliupa heshima yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano, na ndani yake kuna hesabu ninazozikumbuka kwa urahisi: mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku ukijumlisha usingizi wa mchana, wa miaka mitatu hadi minne, saa 10 hadi 13. Mwongozo huohuo unataka watoto wa umri huo wote wapate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili, zikitawanywa katika siku nzima, na wasifungwe kwenye kigari au kiti kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Ukisoma hayo ukiwa nyumbani unaweza kushtuka. Dakika 180! Lakini keti chini ya mti na mtoto asiyeharakishwa uone. Kuchuchumaa na kuinuka pale mtaroni, kubeba vijiti, kupanda kijilima cha mizizi na kushuka kinyumenyume: kufikia saa sita mchana alikuwa ameshakaribia hapo, na hakuna aliyemwambia afanye mazoezi.

Alilala kwenye mkeka saa saba kasoro, shuka juu ya miguu, mkono umeshika kijiti. Siku ya ratiba usingizi huo tuliuruka, "kwa leo tu". Nisingerudia tena.

Sasa niseme jambo ambalo picha za matembezi ya familia hazilionyeshi. Neno "kustarehe" halimfikii kila mtu mzima kwa kipimo kimoja. Kila dakika mtoto akiwa macho kuna jozi moja ya macho isiyopumzika, na mara nyingi, nikitazama familia nyingi ninazozijua pamoja na yangu, ni macho ya mama. Unaweza kukaa bustanini saa sita, ukarudi umechoka kuliko ulivyoondoka, na kila mtu akakuuliza mbona ulikuwa mapumzikoni. Safari hii tuligawana zamu kwa wazi. Nusu saa nusu saa. Mwenye zamu anamfuata mtoto, anamlinda, anaitikia kila "tazama!" Wasio na zamu hawaitiki hata wakisikia kilio kidogo, wanaruhusiwa kulala, kusoma, kuzungumza, kutazama mawingu. Kukabidhiana tulikufanya kwa maneno: "Yuko kwako." "Yuko kwangu." Huenda ikaonekana ni urasmi wa kupita kiasi kwa watu wanaopendana. Mimi nakwambia nililala kwa dakika 20 nikiwa nje, mchana kweupe, mtoto akiwa macho, na sikumbuki mara ya mwisho hilo lilitokea lini.

Zamu zina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Nililala na kuamka nikiwa na kiu ya kumwona mwanangu. Nikamkuta na baba yake kwenye ukingo wa bwawa dogo, baba amemshika kiunoni, wanapiga maji kwa kijiti. Karibu na maji hatukuwa na mjadala wala majaribio: mtu mzima awe umbali wa mkono, wakati wote, hata kama maji yanafika kifundoni tu, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana na mara nyingi huzama kimya, bila kelele ya kukuita. Barabara na maji: hayo mawili yalikuwa na "hapana" yetu kamili. Mengine yote siku hiyo yalipata "jaribu" au kimya.

Kuhusu kimya nilijifunza kwa Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria ambaye mwaka 1946 alianza kusimamia makao ya watoto wachanga mjini Budapest. Yeye alishikilia kwamba mtoto asiwekwe kwenye mkao au mahali ambapo hajaweza kufika mwenyewe. Hawakuwakalisha watoto ambao hawajajikalisha, hawakuwatembeza kwa kuwashika mikono. Nilipokuwa na zamu yangu ya mchana, mwanangu alitaka kupanda kisiki cha mti. Kilikuwa kinamfikia tumboni. Alinyanyua mikono kwangu, nimbebe. Nilimwambia niko hapa, panda. Akalalamika. Akazunguka kisiki. Akapata upande wenye mzizi ulioinuka, akaweka goti, akateleza, akaweka goti tena. Ilichukua muda mrefu na nilikuwa na mikono yangu miwili hewani nyuma yake bila kumgusa, kama mtu anayebeba sinia lisiloonekana. Aliposimama juu hakunitazama mimi. Alitazama mbele, na nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo alikiona kile kilima.

Hatukwenda kilimani. Alikitazama, akashuka.

Kilio kilikuja, msije mkadhani hakikuja. Kilikuja saa kumi, wakati wa kufungasha. Tulikuwa tumefanya kosa la kumwambia "dakika tano", kana kwamba dakika tano ni kitu anachoweza kukishika. Kwake yeye kila kilichopita ni "jana": asubuhi ni jana, mwezi uliopita ni jana, na siku aliyozaliwa ni jana pia. Kijacho chote ni "kesho". Dakika tano haiko jana wala kesho, kwa hiyo haiko popote. Alijitupa majanini. Baba yake akaanza kumweleza, mimi nikaanza kumweleza baba yake jinsi ya kumweleza, na ni mama yangu aliyejongea taratibu akakaa karibu, si karibu sana, akangoja kilio kipungue pumzi. Kisha akamuuliza: "Mtaroni tutatupa vijiwe vingapi?" Mtoto akakaa. Akaonyesha vidole, vyote vya mkono mmoja. "Vitano," mama yangu akasema. "Tuvitafute hapa, au kulekule?" Kulekule. Akainuka.

Nimelifikiria sana jambo hilo dogo. Hakumpunja, hakumdanganya, hakumwambia aache kulia. Alichofanya ni kuubadilisha muda kuwa vitu ambavyo mtoto anaweza kuvihesabu kwa mkono. Vijiwe vitano ni muda. Chubwi tano, basi, na siku imefungwa.

Tulipokuwa tunarudi, mtoto kalala begani kwa baba yake, nilimwambia mama yangu kitu kilichokuwa kinanikaa kooni tangu asubuhi. Nilimwambia: hataikumbuka siku hii. Alinyamaza.

Nilijua ninachosema. Wengi wanaochunguza kumbukumbu wanasema kwamba watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya umri wa miaka mitatu hadi mitatu na nusu hivi. Kabla ya hapo ni giza. Si kwamba mtoto mdogo hana kumbukumbu. Anazo, na ni kali. Patricia Bauer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, na mwenzake Marina Larkina waliwarekodi watoto wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao kuhusu mambo yaliyowatokea, kisha wakawauliza tena baadaye. Matokeo yao yalitoka mwaka 2014. Waliofikia miaka mitano hadi saba walikumbuka asilimia 60 au zaidi ya mambo hayo. Waliofikia miaka minane au tisa walikumbuka chini ya asilimia 40. Kumbukumbu zilikuwepo, kisha zikafutika, katikati ya utoto, bila mtoto mwenyewe kujua kwamba kuna kitu anakipoteza. Na mwanangu hajafika hata hiyo miaka mitatu.

Kwa hiyo kisiki, kijiti kilichokuwa samaki, uso wa bibi yake ukiwa sawa na uso wake pale mtaroni: vyote vitakwenda. Siku hii tutaibeba sisi. Nilikuwa ninasikia uchungu wa kweli kwa hilo, na sikutaka kuufanya uwe mdogo.

Baada ya muda mama yangu akasema: "Mwanangu, wewe unalikumbuka lile gogo?"

Nikasema nalikumbuka. Gogo lililolala kando ya njia, ambalo nilikataa kulipita, nikalipanda na kushuka, nikalipanda na kushuka, mpaka mama akakaa chini akafungua kibeti chake akaanza kushona kifungo kilichokatika kwa sababu aliona siku imeisha. Nalikumbuka lilivyokuwa na gome lililobanduka. Nakumbuka kifungo kilikuwa cheupe.

"Ulikuwa na miaka miwili," akasema. "Huwezi kulikumbuka. Ni mimi niliyekuwa nakusimulia."

Nilitembea hatua nyingi nikilijaribu hilo, kama mtu anayejaribu jino linalotikisika. Alikuwa sahihi. Nilipojaribu kuingia ndani ya kumbukumbu ile niligundua kwamba ninajiona mimi mwenyewe kwa nje, mtoto mdogo juu ya gogo, kutoka mahali alipokuwa amekaa mama. Kumbukumbu yangu ina macho yake. Maisha yangu yote nimekuwa nikiamini ni yangu, na sasa sijui kama kuna tofauti. Gome limebanduka. Kifungo ni cheupe.

Katika utafiti ule wa Bauer kuna jambo jingine: namna mama walivyozungumza ilileta tofauti. Watoto ambao mama zao waliwaachia nafasi ya kuyaongoza mazungumzo, wakiwaambia "niambie zaidi" na kufuata kule mtoto alikokwenda hata kama kulikuwa kombo, ndio waliokuja kusimulia kwa utajiri zaidi baadaye. Yaani ni yaleyale ya langoni. Kufuata nyuma, kusimama anaposimama.

Usiku ule nilimlaza nikazima taa. Nilikuwa nimekusudia nimsimulie siku yote kwa mpangilio: lango, mti, vijiti, bwawa, kisiki. Nikaanza: "Leo asubuhi tulikwenda bustanini..."

"Jana," akanisahihisha.

"Jana. Tukafika langoni. Kulikuwa na nini?"

Kimya kirefu gizani, nikadhani ameshalala. Nilikuwa nimeanza kuinuka, mguu mmoja umeshagusa sakafu.

"Chubwi," akasema.

Nikarudi kitandani. "Niambie zaidi."